Lango la Makaa

Nyumba niliyokaa tangu siku ya harusi yangu haikuwa yangu. Kwa mtu wa Amu, yaani Lamu, jambo hili halihitaji maelezo, lakini nitalieleza kwa ajili ya wengine. Baba mwenye uwezo humpa binti yake nyumba anapomwoza, na mume huja na sanduku lake la nguo akakaa humo. Mimi nilikuja na sanduku, msahafu, na viatu vipya vilivyonibana. Kila kitu kingine, kuanzia boriti za dari mpaka vidaka vya ukutani vilivyojaa sahani za mababu, kilikuwa cha mke wangu. Hata msumari niliotungikia kanzu yangu aliupigilia babake.

Sitaki mtu adhani kwamba nilinyanyaswa. Mke wangu hakuwahi kunitajia habari ya nyumba hata tulipogombana, na tuligombana vya kutosha, maana mimi nina hasira za karibu na yeye ana kumbukumbu ndefu. Lakini mwanamume akishakuwa na ndevu na biashara huanza kutazama kuta. Nilikuwa nikilala nikiangalia dari na kujiuliza: hivi nikifa leo, katika nyumba hii wataonyesha nini waseme hiki kilikuwa chake? Jibu lilikuwa ule msumari, nao, kama nilivyosema, haukuwa wangu.

Biashara yangu ilikuwa nazi za mashamba na mikeka ya Kipungani. Vyote vilikuja mjini kwa punda, kila punda na shogi lake, yaani yale makanda mawili yanayoning'inia huku na huku mgongoni. Mizigo ikishushwa mlangoni kwetu, njia ilizibika. Njia zetu za Amu hazikukatwa kwa ajili ya mtu mwenye haraka. Punda mmoja akisimama, mtaa mzima umesimama, na wanaongoja hawangoji kimya. Kamati ya mji ikapitisha amri kwamba mizigo isishushwe njiani, na aliye na mizigo atafute mahali pa kuingizia wanyama wake.

Mtu mwenye akili angekodi banda forodhani. Mimi miaka ile ya hamsini nilikuwa nimetoka Mombasa, na mtu aliyetoka Mombasa akili yake huchelewa kufika, huja na chombo cha nyuma.

Huko nilifikia kwa jamaa yangu mmoja aliyekuwa na gari. Nyumba yake ilikuwa na lango pana la mbao, na nyuma ya lango njia ya saruji mpaka barazani. Nilimwona akirudi jioni, anapiga honi, lango linafunguliwa, gari linaingia kama mtu anayeingia kwake bila hodi. Nilipata wivu uliouma kweli. Sikutaka gari, maana Amu gari ungelipeleka wapi? Nilitaka lango. Nilitaka punda wangu waingie hivyo, na mimi nyuma yao, na watu wa mtaa waseme: hilo ndilo lango la Bwana fulani. Hapo nyumba ile ingekuwa na kitu kimoja changu.

Nikarudi nikapeleka ombi kwenye kamati, kwa jina langu: naomba ruhusa ya kuvunja ukuta wa upande wa njia, nifungue lango la kuingiza punda mpaka kiwandani, yaani ule uwanja wa ndani ulio wazi juu. Nililiandika kwa mkono mzuri. Mke wangu aliniona nikiandika akaniuliza kama wino ni wa nyumbani au wa dukani. Nikamwambia wa dukani. Hakuuliza jingine, nami nikaona mambo yanakwenda vizuri.

Sasa niseme habari za jirani. Aliyekabiliana nasi ng'ambo ya njia alikuwa mzee mmoja mshona kofia, mjane, aliyekaa na mabinti zake. Mbele ya mlango wake palikuwa na daka, kibaraza kilichofunikwa chenye viti vya mawe pande zote mbili, na hapo ndipo nilipokunywa kahawa kila baada ya sala ya alasiri tangu nilipohamia mtaani. Yeye alishona, mimi nilisema. Ilikuwa bahati njema kwa wote wawili, kwa sababu mtu akiwa na sindano midomoni hawezi kukukata kauli.

Aliposikia habari ya lango alitoa sindano midomoni.

"Bwana," aliniambia, "lango lako litatazamana na mlango wangu. Wangu wakitoka nde, wako wawaona. Wako wakipita kiwandani, walio kwangu wawaona. Tangu lini katika mui huu milango yatazamana?" Alisema Kiamu chetu, ambacho nje ni nde, mji ni mui, na j nyingi huwa y.

Alikuwa na haki. Nyumba zetu zimejengwa kwa kukwepana. Mlango hauwekwi mbele ya mlango wa mwenzako, na hata ukiingia ndani unakata kona kwanza kabla hujamwona mtu. Hili kila mtoto analijua. Nami nililijua, lakini nilikuwa nimeshaliona lango likifunguka kichwani mwangu, na lilikuwa limepakwa rangi ya kijani.

"Lango litakuwa limefungwa," nikamwambia. "Litafunguliwa kwa punda tu."

"Na punda waya kila siku," akasema, yaani waja.

Akapeleka pingamizi. Tukaitwa mbele ya kamati, tukarudishwa, tukaitwa tena. Wazee wa kamati walikuwa watu wa mji huu huu, wengine jamaa za mke wangu, na karani wao alikuwa kijana aliyeletwa kutoka bara, msafi, mwenye kalamu mfukoni na haraka ya kuondoka. Mimi katika vikao vile nilinoga. Nilitaja Mombasa. Nilitaja Unguja, ambako sikuwahi kufika. Nilisema dunia inakwenda mbele na mtaa wetu umekaa chini umenyoosha miguu. Nilitumia neno "maendeleo" mpaka mzee mmoja akaniuliza kama ni jina la punda. Jirani yangu kila akipewa nafasi alisema maneno yale yale machache: milango haitazamani. Kisha akakaa.

Kwa kuwa tulikuwa tukishindana, niliacha kwenda kunywa kahawa kwake. Nilikaa kwangu, kiwandani, peke yangu na birika. Kahawa ile ile, kutoka kwa muuzaji yule yule, ilikuwa haina ladha. Nilimlaumu muuzaji. Mke wangu alikuwa akipita akinitazama nimekaa nimeelekea ukuta, na mara moja aliniuliza, "Bwana, wangoya mtu?" Nikasema simngoji mtu. Akasimama kidogo, kama mtu aliyeacha nafasi kwa neno lingine. Mimi nikajimiminia kikombe kingine, akaenda zake.

Mwisho kamati ikaamua kuja kutazama yenyewe. Kanuni yao ilikuwa nyepesi: punda mwenye mzigo kamili aweze kugeuka kutoka njiani akaingia langoni bila kumsumbua mpita njia wala jirani. Nikaambiwa nilete punda, na nionyeshe lango litakuwa wapi.

Asubuhi ile nilichukua kipande cha mkaa kutoka jikoni, nikachora lango juu ya ukuta wa mke wangu. Sijui kuchora, lakini mapenzi yalinisaidia. Nilipiga nguzo mbili na upinde juu, na kwa kuwa mkaa ulibaki, nikatia misumari ya mapambo na komeo. Nilirudi nyuma kulitazama nikaona ni lango zuri kuliko la jamaa yangu wa Mombasa. Kisha nikamtayarisha punda wangu mkubwa. Nilimwambia hamali ajaze shogi makumbi matupu, yaani maganda ya nazi, na nazi chache ziwekwe juu zionekane. Punda akawa mpana lakini mwepesi, nami nikajiona mjanja.

Wazee wakaja, karani akaja, na mtaa ukaja. Wanaume walijipanga kwenye kuta, wanawake wakawa nyuma ya milango yao iliyofunguliwa kiasi cha kupitisha jicho. Jirani yangu alikaa dakani kwake na kofia mkononi, anashona. Mwenyekiti wa kamati akasema, "Haya, mwingize."

Nikamwongoza punda mpaka penye lango, nikamgeuza, nikamwambia aingie.

Punda alitazama ukuta. Mimi nilikuwa naona lango, wazee walikuwa wanajitahidi kuona lango, lakini yeye aliona ukuta. Nikamvuta. Akaweka masikio nyuma. Nikamsukuma kutoka kando, mdomo wake ukagusa komeo nililolichora, akapiga chafya, mkaa ukamtia doa puani. Watu wakaanza kukohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kicheko.

"Hakuingia," akasema mzee mmoja.

"Ataingiaje? Ni ukuta," akasema mwingine.

"Basi tuseme ameingia," akasema mwenyekiti, "tutazame amesimama vipi."

Wakatazama. Kichwa cha punda kilikuwa langoni mwangu. Makalio yake yalikuwa ndani ya daka la jirani yangu, baina ya vile viti viwili vya mawe, na mkia wake ulikuwa ukipangusa goti la yule mzee. Hakuna aliyehitaji kipimo. Yule mzee hakuondoka. Alisogeza kofia yake kidogo akaendelea kushona. Na punda, ambaye tangu alfajiri alikuwa amekula vizuri kwa sababu ya siku kuu ile, akafanya haja yake pale pale penye kiti nilichozoea kukaa mimi.

Hapo hakuna tena aliyekohoa, walicheka waziwazi. Mzee mmoja wa kamati alijishika ubavu. Mtu mwenye hasira za karibu akichekwa hutafuta wa kumbebesha. Nikamgeukia jirani.

"Yote haya ni yako wewe!" nikapiga kelele. "Wewe huna haya! Umezeeka umekaa na mabinti waliokosa waume, waona kila mwanamume ataka kuwachungulia!"

Kicheko kikakatika. Neno kama lile halisemwi njiani, na mabinti walikuwa nyuma ya mlango, hatua chache kutoka mahali niliposimama. Sindano ya mzee ilisimama. Aliniangalia, mdomo ukafunguka kidogo, nikaona kabisa kwamba ana neno la kunijibu, neno lililo tayari. Kisha akaufunga mdomo na kuinamia kofia yake.

Mwenyekiti alikuwa mtu wa kutaka mambo yaishe. Adhuhuri ilikuwa inakaribia na jua limeingia njiani. Akashauriana na wenzake kwa sauti ndogo, nadhani waliona kuwa mtu aliyefika hapo heri apewe anachotaka aondoke mbele ya macho yao. Akasema nipewe ruhusa, kwa sharti lango lisogezwe kando kidogo na lifunguliwe asubuhi tu. Karani akafurahi, akatoa karatasi, akaiweka juu ya mgongo wa punda kwa kuwa hapakuwa na meza.

"Mwenye nyumba atie sahihi hapa," akasema.

Nikaishika kalamu.

"Mwenye nyumba ni mimi."

Sauti ilitoka nyuma ya mlango wetu. Haikuwa kubwa. Mke wangu hakuwa mwanamke wa kusema mbele ya wanaume wa nje, tangu nimwoe sauti yake haikuwahi kuvuka kizingiti. Ndiyo sababu kila mtu aliisikia.

"Nyumba ni yangu," akasema tena. "Nimepowa na babangu. Na mimi siyaulizwa. Bwana Karani, andika kwamba mwenye nyumba hataki. Na wewe Bwana mkubwa hapo ng'ambo, wiya radhi kwa maneno uliyoyasikia. Kwetu hayasemwi."

Karani alinitazama mimi, akatazama mlango, akawatazama wazee. Wazee walitazama chini. Walikuwa wakijua, wote, wengine walikuwepo siku ya ndoa na walisikia nyumba ikitajwa. Kila mmoja alidhani mambo yale yamekwisha zungumzwa ndani baina ya mume na mke, kama watu wanavyofanya. Mimi peke yangu katika mji mzima ndiye niliyeomba ruhusa kwa serikali, kwa wazee, kwa mtaa, na nikataka hata punda akubali, nikamsahau mtu niliyekula naye sahani moja.

Karani akairudisha karatasi yake. Watu wakaondoka haraka, kwa adabu, na adabu yao iliniumiza kuliko kicheko. Tulibaki mimi na punda mwenye doa puani.

Nilipoingia ndani nilitegemea ugomvi, nilikuwa hata nimeshachagua maneno ya kuanzia. Mke wangu alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa.

"Nalingoya uniulize," akasema. "Ulipoandika nikasema ataniuliza. Ulipokwenda kamatini nikasema yeo ataniuliza. Ukakaa hapo na birika lako umeelekea ukuta, nikaya nikasimama mbele yako. Ningekataa? Siyui. Labda ningekubali. Lakini hukuniuliza."

 Nikakaa chini juu ya mkeka, nikamwambia kweli, kwa sababu sikuwa na kitu kingine kilichobaki. Nikamwambia kwamba nimechoka kuwa mgeni. Kwamba naona haya nikitazama kuta. Kwamba nilitaka kitu kimoja tu katika nyumba ile kiwe changu.

Akauweka ungo chini.

"Ungetaka kitu, Bwana, ningekupa," akasema. "Wewe hukutaka kitu. Ulitaka tundu."

Kisha akacheka, na alipocheka ndipo mimi nikalia, jambo ambalo sijapata kumwambia mtu mpaka leo na naliandika hapa kwa kuwa waliokuwepo wamekwisha. Aliniacha nilie. Akarudi kwenye mchele.

Baada ya alasiri nilichukua ndoo ya maji na ufagio wa makuti, nikaenda nikaliosha daka la jirani, hasa kile kiti. Alikuwa amekaa anashona kama kawaida. Nilipomaliza nikakaa pale pale palipokuwa bado majimaji, kanzu ikalowa. Nikamwomba radhi kwa ajili ya mabinti zake. Akaitikia kwa kichwa. Tukakaa mpaka muuzaji wa kahawa akapita akagonganisha vikombe vyake, na mzee akanyoosha vidole viwili, kimoja chake, kimoja changu.

"Ulikuwa wajua nyumba ni yake," nikamwambia. "Tangu kikao cha kwanza. Ungelisema neno hilo moja tu, ningekwisha. Hata leo nilipokutukana ulikuwa nalo mdomoni. Mbona hukusema?"

Alikata uzi kwa meno.

"Hayo ni ya nyumbani mwako," akasema. "Mimi nalikuwa na lalamiko la mlango."

Nilikunywa kahawa ile nikashindwa kumtazama usoni. Ilikuwa tamu mno.

Nilikodi banda forodhani, kama ilivyotakiwa tangu mwanzo, na punda wangu hawakuonekana tena katika njia yetu. Mwaka uliofuata mke wangu alimwita fundi aupake chokaa ukuta wa nje. Nilirudi kutoka forodhani nikakuta ukuta wote unang'aa, isipokuwa mahali pamoja: lango langu la mkaa limeachwa vile vile, na nguzo zake, na misumari, na komeo lenye alama ya pua ya punda. Nikadhani fundi amesahau.

"Hakusahau," akasema mke wangu. "Nimemwambia hapo asiguse, si pangu."

Basi nikawa na kitu. Mvua za masika zikilififiza nilitoka na kipande cha mkaa nikalitia nguvu, na kila mara nilijaribu kuunyoosha ule upinde uliopinda, na kila mara ulizidi kupinda. Wageni waliuliza ni kitu gani. Watu wa mtaa waliwajibu kwa uso mkavu kwamba ni lango la Bwana fulani, na ndivyo nilivyotaka waseme, kwa hiyo sikuwa na la kulalamikia. Jirani yangu ndiye aliyelipenda zaidi. Kila jioni tukiagana kwenda kusali magharibi, alifunga kijaluba chake cha sindano, akasimama kwa kushika ukuta, na kuniuliza kwa sauti ya mtu anayehangaikia mali ya mwenzake:

"Bwana, umelifunga lango?"

"Nimelifunga," nikamjibu.

"Vyema. Punda wa watu wasiingie."

Aliniuliza hivyo miaka mingi, hata alipokuwa haoni vizuri na kofia anashonewa na mabinti. Hata siku alizokuwa hawezi kusimama alinitumia salamu kutoka ndani kupitia kwa binti yake mkubwa: baba auliza, umelifunga?

Siku tuliyomzika nilirudi peke yangu nyuma ya watu. Daka lilikuwa limefagiliwa, hapakuwa na mtu. Jua lilikuwa karibu kuzama, saa yetu ile ile ya kuagana, nami nikasimama katikati ya njia baina ya mlango wake na lango langu, nisijue niende upande gani.  Nyuma ya mlango wetu nikasikia kikohozi kidogo, kisha sauti ya mke wangu, kwa mara ya pili tangu nimwoe, ikatoka nje mpaka njiani.

"Bwana," akaniuliza, "umelifunga lango lako?"

Niliuendea ukuta nikagusa lile komeo la mkaa. Nikamwambia nimelifunga, nikaingia ndani.